Uso wa Kufanana na Picha

Picha ililetwa kabla ya mwenye uso. Mama yake aliiweka juu ya meza ya saluni yetu, pale mtaa wa Najma, Doha, akaigongagonga kwa kucha, akasema, "Nataka awe hivi." Kwenye picha palikuwa na msichana mweupe aliyevaa sari ya waridi, shingo ndefu, kipini puani. Nikamwambia, sasa mimi nifanye nini, mbona tayari yuko hivyo. Mama akageuka akaita mlangoni, na aliyeingia ni yule yule wa kwenye picha, ila mweusi. Si mweusi wa kusemwa, ni mweusi kama mimi, rangi ya mtu aliyezaliwa nayo na hana deni nayo. Fundi picha ndiye aliyemchubua kwa kompyuta, na picha hiyo ndiyo iliyopelekwa kwa wakwe.

Harusi ilikuwa imebakiza wiki saba. Bwana harusi alikuwa anafanya kazi Uingereza, na wawili hao walikuwa wameonana kwa kompyuta tu, kila mmoja chini ya taa aliyoichagua mwenyewe. Lakini mama mkwe alikuwa ameshapita Doha kumwona bibi harusi kwa macho yake. Alimtazama juu mpaka chini, akamaliza sahani nzima ya vitafunwa, ndipo akauliza, "Huyu ni mdogo wake yule wa kwenye picha?" Mama ndiye aliyetusimulia kisa hiki, msichana akiwa amesimama palepale, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Mimi nilicheka. Nakiri, nilicheka, maana lilikuwa dongo kweli kweli, na mimi mtu akipigwa dongo zuri siwezi kujizuia.

Mimi ni mtu wa Tanga. Doha niliingia kwa kazi za ndani, Al Rayyan, nikafua na kupika miaka miwili mpaka tajiri yangu alipokubali nihamie kwa kafili mwingine, yaani mdhamini wa kibali changu cha kazi. Huyo wa pili ndiye aliyenileta saluni. Msimamizi wa saluni alikuwa Mhindi, tukimwita madamu, na alinipokea kwa sababu moja tu: najua kusinga. Shangazi yangu alikuwa somo, ameandaa mabibi harusi nusu ya mtaa wetu, na tangu mdogo nimesaga liwa kwenye jiwe mpaka viganja vikaota sugu. Ule mti wa msandali ukiusaga na maji ya waridi unapata uji mzito, unampaka mwari kila siku, na siku ya harusi ngozi yake inang'aa mpaka mashoga zake wanamwonea wivu. Wahindi nao wana mambo hayo hayo. Ndiyo maana walinipenda, wakaniletea mabinti zao.

Siku ya pili msichana alikuja peke yake. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, ana sauti ya chini ya watu waliozoea kubembeleza. Akaniita didi, yaani dada kwa lugha yao, akanishika mkono kabla sijafungua kopo lolote.

"Didi, nakuomba kitu. Usinichubue."

Nikamwambia mama yake keshasema.

"Najua alichosema. Wewe nipake hiyo liwa yenu tu. Nataka siku hiyo anione nilivyo. Akinikataa, anikatae mimi, si picha."

Alilisema hilo bila kulia, na ndilo lililonigusa. Nikamwapia kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba uso wake hautaguswa na kitu kingine zaidi ya liwa na waridi. Na wakati ule sikuwa nadanganya.

Wiki tatu nilimsinga hivyo. Ngozi yake ikawa laini, chunusi za kidevuni zikaondoka, akawa mzuri wa kutazamwa. Tukazoeana. Alinisimulia watoto wake wa shule, nami nikamsimulia wa kwangu niliyemwacha kwa mama. Ila sitajitia utakatifu hapa. Kuna siku nilikuwa namtazama amelala kwenye kile kiti, amefumba macho, dhahabu mkononi, mume anakuja kumfuata kwa ndege, na roho ilikuwa inaniuma. Nilijisemea, huyu naye analia nini, angekuwa mimi je. Halafu naendelea kumpaka.

Mwisho wa wiki ya tatu mama alikuja na picha yake. Akaiweka sambamba na shavu la mwanawe kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Akasema, "Wiki tatu. Za nini?" Hakunitazama mimi, alimtazama madamu.

Madamu akaniita kule nyuma tunakochemshia nta. Hakupaza sauti, hajawahi kupaza sauti. Akaniambia pasi yangu ya kusafiria iko kwenye kabati lake, na uso ule usipofanana na picha siku ya harusi atanipeleka uwanja wa ndege yeye mwenyewe, na sanduku langu atanibebea. Wasichana wa kuchubua bila maswali wamejaa Najma, akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kuna duka la vipodozi nyuma ya mtaa wetu, mbele wanauza mafuta ya nazi, chini ya meza wanauza mkorogo. Kopo jeupe, halina jina, halina maandishi. Sikuhitaji kuelezwa linavyotumika. Niliwahi kujipaka mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza Doha, pale nilipochoka kuitwa majina na watoto wa nyumba niliyokuwa nafanya kazi. Nilikuwa mweupe kwa muda wa miezi miwili. Baada ya hapo jua likawa adui, sabuni ikawa moto, na siku moja nikikamua ndimu ya samaki, tone likanirukia shavuni, nikapiga ukelele wakadhani nimemwagikiwa mafuta. Viungo vya vidole vyangu bado vyeusi mpaka leo. Kwa hiyo lile kopo nililijua kuliko yeyote katika hadithi hii, na mtu asije akanitetea kwamba sikujua.

Nililinunua, nikauchanganya mkorogo wake na liwa. Liwa ina rangi yake na harufu yake nzito, inaficha mengi. Ningependa kusema kwamba siku ile nilisita. Sikusita. Nilimpaka kama jana na juzi, naye akanisimulia habari ya mtoto aliyejikojolea darasani kwa kucheka.

Siku kumi, rangi ikaanza kupanda. Wiki mbili, akawa mtu mwingine. Na hapa ndipo palipo na kichekesho, maana yule aliyetaka aonekane alivyo alianza kupenda kioo. Alikuwa anageuza uso huku na huku, anajitazama kwenye simu, kwenye kijiko, kwenye vioo vya magari nje. "Didi, liwa yenu ni dawa," akaniambia. "Sijachubuliwa na nimekuwa hivi. Hii ni rangi yangu mwenyewe ilikuwa imejificha." Nikamjibu ndiyo, ilikuwa imejificha. Mama yake akaniletea boksi la peremende za maziwa, madamu akanishika bega mbele ya wateja. Nilijisikia mtu. Sikujisikia mwizi hata kidogo, nilijisikia fundi.

Wiki ya mwisho kabla ya harusi bibi yake akafika kutoka Gujarati. Huyu ni mama mzaa baba, kizee kifupi, cheusi kuliko mjukuu wake, kina miguu mikubwa na sauti ya sokoni. Alipoingia saluni akanisikia naongea Kiswahili na mama yangu kwenye simu, akasimama katikati ya chumba.

"Veve mtu ya Tanganyika?"

Nusura simu inidondoke. Kumbe amekaa Tabora, ameolewa Tabora, amezaa Tabora, ameondoka watoto wakiwa wadogo. Kiswahili chake kilikuwa kile cha nyuma ya kaunta, cha Wahindi wa zamani, lakini kilikuwa kinatiririka. Aliniuliza kama Doha mtu anaweza kupata mihogo. Nikamtafutia, nikamchemshia kwa nazi kwenye jiko letu la nyuma, akala kwa mkono huku machozi yanamtoka, anacheka. Wenzake hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Mkwewe, yaani mama wa bibi harusi, alikuwa akisema mbele yake, kwa Kiingereza asichokijua yule mzee, "Rangi ya binti yangu imetoka kwa huyu." Analisema huku anamwongezea chai. Mimi nikawa ndiye mtu wake wa kuongea naye mji mzima.

Siku moja nilikuwa namsinga mjukuu, kizee kimekaa kwenye stuli pembeni yetu. Kikachukua bakuli langu, kikanusa. Kikanusa tena.

"Liwa mimi najua harufu yake," akasema. "Hii iko kitu ingine ndani."

"Ni maji ya waridi ya huku, bibi. Hayafanani na ya kwetu."

Msichana alikuwa amelala, amefumba macho, Kiswahili hakijui. "Sava," bibi akasema, akarudisha bakuli. Hakulitaja tena. Ila kuanzia hapo kila siku alikuja, akakaa kwenye stuli ile ile, na macho yake yalikuwa kwenye bakuli, si kwangu. Mihogo hakuomba tena. Nami nikaanza kumchukia. Sijui niseme vipi vinginevyo, nilimchukia yule mzee kwa sababu alikuwa ananijua.

Siku moja kabla ya harusi wanapaka manjano. Wagujarati wanaiita pithi. Manjano mabichi, unga wa dengu, maji ya waridi, na kila mwanamke aliyeolewa katika ukoo anampaka bibi harusi usoni, mikononi, miguuni, kwa nyimbo na vicheko. Kwao bila pithi hiyo si harusi. Waliniita nyumbani kwao nilinde nywele zisije zikapata madoa. Bibi alikuwa jikoni, anasaga mwenyewe. Jiwe la kusagia alikuwa amelibeba kwenye sanduku kutoka kwao, na mkwewe alikuwa amemcheka kwa hilo tangu uwanja wa ndege. Pembeni ya jiwe palikuwa na ndimu.

Nilipoziona zile ndimu, nilijua kitakachotokea. Ngozi ya yule msichana ilikuwa imebaki kama karatasi ya sigara. Hata maji ya moto ilikuwa haiyataki.

Bibi akaniona mlangoni. Akainua ndimu moja, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Kwetu sisi naveka ndimu. Uso yake iko sava? Mimi naveka?"

Alikuwa ananipa njia. Leo najua alikuwa ananipa njia, alikuwa ananiuliza lile swali la bakuli kwa mara ya pili, kwa heshima, pembeni, bila watu. Ningesema usiweke, angeuliza kwa nini, na nisingekuwa na la kumjibu. Na shangazi zao wawili walikuwa wamesimama pale wakinitazama mimi, mtaalamu. Kibri kikanipanda.

"Weka, bibi. Uso wake mzima."

"Moja?"

"Hata tatu."

Akaweka tatu.

Walimkalisha sebuleni juu ya kigoda, sari kuukuu ya njano, wakaanza. Mama, shangazi, jirani, shangazi mwingine, kila mmoja anachota, anapaka, anaimba. Msichana alikuwa anacheka. Kisha akaacha kucheka. Akasema inawasha. Shangazi mmoja akasema ikiwasha ndiyo inafanya kazi, wakacheka wote, wakampaka tena. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimeshika taulo kichwani kwake, nayaona mabega yake yakikakamaa. Nusu saa. Nilihesabu nyimbo tano. Nilichosema katika nusu saa yote hiyo ni kwamba asigeuze kichwa.

Wakamwosha. Uso ukawa mwekundu, wekundu wa nyama. Wakasema utatulia.

Haukutulia. Saa moja asubuhi mimi na madamu tuliitwa mbio. Msichana alikuwa amekaa mbele ya kioo chumbani kwake, macho yamevimba, mashavu yote mawili yametoka malengelenge, na pembeni ya pua ngozi imeanza kubanduka kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Mama yake alikuwa anapiga mapaja yake kwa viganja. Bibi alikuwa amesimama ukutani. Ile picha ilikuwa imeegeshwa kwenye kioo, sijui nani aliiweka pale.

"Didi," msichana akaniambia, "hiki nini?"

Madamu alinitazama, na kwa namna alivyonitazama nilijua keshajua, tena anasubiri aone nitafanya nini. Nikawageukia wote kwa Kiingereza changu kizuri kabisa. Nikauliza, "Nani aliweka ndimu kwenye manjano?"

Vichwa vyote vilielekea ukutani, kwa bibi.

Bibi hakuwa ameelewa maneno, ila macho aliyaelewa. Akanisogelea. Akasema na mimi kwa Kiswahili, taratibu, kana kwamba tuko wawili tu, "Mimi nauliza veve. Veve nasema veka. Mimi nauliza veve."

"Anasema nini?" mama akaniuliza.

Nikasema, "Anaomba radhi. Anasema ni uzee, alisahau."

Mama yake akamgeukia mzee kwa Kigujarati, na maneno yale sikuyajua lakini nisingependa kuambiwa na mtu yeyote. Bibi akajaribu kujieleza, ananyoosha kidole kwangu, anataja liwa, hilo neno moja nililisikia. Mkwewe akamkata. Miaka yote alikuwa anatafuta sababu, na mimi nilikuwa nimempa moja nzuri. Msichana alimtazama bibi yake kupitia kwenye kioo, akasema neno moja tu, kali, la Kigujarati. Kisha akafumba macho, akainua uso kwangu nianze kazi.

Nilianza. Rangi ya kijani kwanza, inaua wekundu. Kisha ile nzito ya kufichia madoa, kisha faundesheni, kisha poda, kisha tena. Juu ya ngozi mbichi hivyo vitu vinachoma, na machozi yalikuwa yanamtoka kwenye kona za macho yaliyofumbwa. Nikamwambia asilie, ataniharibia. Akajitahidi, masikini, akajizuia. Saa nne nzima. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nilipomaliza, wanja umetulia, kipini puani, alikuwa picha. Si kufanana na picha, alikuwa ile picha yenyewe.

Ukumbi ulikuwa kwenye hoteli moja ya West Bay. Mama mkwe alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye taa, upande huu, upande ule, akatikisa kichwa akaridhika. Bwana harusi alimtazama akatabasamu kwa aibu, na watu wakapiga makofi. Yule aliyetaka kuonwa alivyo akaonwa kama picha. Bibi walimweka meza ya nyuma kabisa, karibu na mlango wa wahudumu. Wazee walipoitwa jukwaani kuwabariki maharusi, aliinuka, na mwanawe mwenyewe, baba wa bibi harusi, akamgusa bega akamkalisha. Mikono yake ilikuwa juu ya kitambaa cha meza, kucha bado za njano. Alinitazama. Nikainama, nikapanga brashi zangu.

Pasi yangu haikuguswa. Madamu aliniongezea wateja, na liwa yangu ikapata jina Najma nzima.

Miaka miwili baadaye yule msichana akaja likizo, akapita saluni kunisalimia. Amebeba mtoto wa kike wa miezi minne. Chini ya poda niliyaona madoa, kila shavu doa lake, meusi, hayatoki. Akanikumbatia kwa furaha ya kweli. Mtoto alikuwa mweusi, mzuri, macho makubwa.

"Mama mkwe anasema ameichukua rangi ya kwetu," akaniambia. "Didi, nipe ile liwa yako. Kidogo tu, nimwanzishie mapema."

Kopo lilikuwa kwenye rafu nyuma ya kichwa changu. Nikamwambia liwa imekwisha, na siku hizi haipatikani. Hilo ndilo jema pekee nililomfanyia yule mtu, na lenyewe ni uongo.

Akasikitika kidogo. Kisha akamtikisatikisa mtoto, akaniambia kwa ile sauti yake ya chini, "Bibi alikuja kumwona. Akanyoosha mkono amshike shavu. Nikamzuia. Nikamwambia asimguse mwanangu uso, kamwe. Akarudisha mkono, akaondoka bila kula. Nilifanya vibaya, Didi?"

Alikuwa ananitazama, anangoja. Chumba kilikuwa na sisi tu, na muda nilikuwa nao.

"Umefanya vizuri," nikamwambia, nikamfunika mtoto vizuri kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi, nikaenda kumwita mteja anayefuata.